"Meli ya Adui": Adui wa Nani?

Hivi karibuni tulisahihisha insha za wanafunzi wetu, wengine wenyeji wa Busia, wengine wa Tororo, waliotakiwa kusimulia kisa cha mapigano ya Rufiji. Nyingi zilisisimua. Hata hivyo tuna dukuduku ambalo yafaa tuwaeleze walimu wenzetu.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Mto Rufiji. Tarehe 11 Julai 1915 Waingereza wawili, Cull na Arnold, waliruka kwa ndege kutoka kisiwa cha Mafia. Cull alikuwa rubani. Arnold alitazama makombora yalikoangukia na kuwaelekeza wapiga mizinga wa meli za Severn na Mersey kwa simu ya upepo. Ndege ilipigwa, injini ikazima. Wakiwa wanashuka, Arnold hakuacha kupeleka ujumbe, hadi ndege ikaanguka mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Königsberg iliharibiwa vibaya, na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe.

Kosa la kwanza ni la kitenzi. Wengi waliandika kwamba ndege "iliizamisha" meli. La hasha! Ndege ilielekeza tu, na ushujaa wa watu wale wawili umo katika kitenzi hicho. Anayekibadilisha anakipunguzia kisa uzito huku akidhani anakiongezea.

Kosa la pili ni zito zaidi: "meli ya adui" na "majeshi yetu". Adui wa nani? Wasamia na Wateso wanaishi pande zote mbili za mpaka ambao hawakuuchora wao. Mwaka 1915 Uganda na Kenya zilikuwa chini ya Mwingereza, na Rufiji chini ya Mjerumani. Mwanafunzi wa Tororo anayeandika "adui" bila kufikiri amemweka Mrufiji katika kundi hilo.

Tena, wapagazi hawamo kabisa katika insha hizo. Mizinga 10 ya Königsberg iliopolewa ikatumika vitani nchi kavu, ikikokotwa na Waafrika. Mmoja upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Upande wa Waingereza, maelfu waliandikishwa Kenya na Uganda kubeba mizigo, na wengi hawakurudi. Majina ya Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi yametokana na kikosi chao.

Huenda mwenzetu akasema kwamba "adui" ni sauti ya msimulizi tu. Tunakubali, iwapo msimulizi ni Arnold. Lakini insha hizi hazikumpa Arnold nafasi ya kusema. Aliyesema ni mwanafunzi mwenyewe.

Tunapendekeza zoezi hili: mwanafunzi asimulie kisa hicho mara mbili, kwanza kwa sauti ya Arnold, kisha kwa sauti ya mpagazi aliyekokota mzinga. Darasa lihesabu neno "adui" limetokea mara ngapi katika kila simulizi, na lilimlenga nani.