Sahihi ya Mnyonge

Wamarekani wana desturi moja katika mchezo wao wa besiboli ambayo inastahili kupimwa, nayo ni kukusanya sahihi za wachezaji. Mtoto hungoja nje ya uwanja akiwa na mpira au kadi yenye picha ya mchezaji. Mtu mzima huandika barua, akatia ndani kadi na bahasha yenye stempu ya kurudishia majibu, kisha akasubiri. Wengi hutafuta sahihi za mabingwa kama Babe Ruth. Lakini lipo kundi dogo linalotafuta sahihi za watu ambao hata Wamarekani wengi hawawajui: aliyecheza siku moja tu, aliyekuwa wa mwisho katika jambo fulani, au aliyeshindwa siku ile mwenzake alipopata sifa. Kwa maoni yangu, desturi ya kundi hili ina wema mkubwa, lakini ina kasoro mbili zisizofaa kufumbiwa macho.

Nianze na wema wake. Mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia ligi kuu na kuvunja ubaguzi uliokuwa umewafungia nje wachezaji weusi kwa zaidi ya miaka 60. Habari hiyo hufundishwa shuleni, na ni haki ifundishwe. Lakini mlango haukufunguka wote kwa siku moja. Kati ya timu 16 za ligi kuu za wakati ule, Boston Red Sox ndiyo iliyokuwa ya mwisho kumchezesha mtu mweusi, naye alikuwa Pumpsie Green, tarehe 21 Julai, 1959. Green hakuwa bingwa. Alicheza miaka michache, kisha akafanya kazi kwa muda mrefu katika shule ya sekondari huko Berkeley, California, akiwafunza vijana mchezo huo. Alifariki mwaka 2019. Mwenye sahihi ya Robinson ana habari ya ushindi. Akiiweka ya Green kando yake, anapata swali: kwa nini ilichukua miaka 12? Sisi walimu tunajua kwamba swali la namna hiyo humfundisha mtoto kuliko shangwe.

Nyuma zaidi yupo Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa timu ya Toledo mwaka 1884, wakati timu hiyo ilipokuwa katika ligi kuu. Huyu alikuwa mweusi, tena msomi wa chuo kikuu. Mwaka 1887 viongozi wa ligi aliyokuwa akichezea walipiga kura kwamba watu weusi wasipewe tena mikataba mipya, na baada ya muda mfupi njia ikazibwa kabisa. Mwaka 1908 Walker alichapisha kijitabu, Our Home Colony, akiwahimiza weusi wa Marekani waiache nchi ile na kuhamia Afrika. Mtu aliyenyimwa nafasi uwanjani aliishia kukata tamaa na nchi yake aliyozaliwa, akageuza macho huku kwetu. Anayeitafuta sahihi yake bila kulijua hilo ana wino tu mkononi.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni kumfunga mtu kwenye siku moja ya maisha yake. Katika besiboli, mtupaji hutupa mpira na mpigaji huupiga kwa gongo. Ukivuka ukuta wa uwanja, timu ya mpigaji hupata pointi. Tarehe 1 Oktoba, 1961, Roger Maris wa New York Yankees alivusha mpira ukutani mara ya 61 katika msimu mmoja, akaipita rekodi ya Babe Ruth. Mtupaji alikuwa kijana wa Boston, Tracy Stallard. Tangu hapo wakusanyaji walimjua kama mtu aliyepigwa mpira ule. Lakini mchezo ule uliisha kwa 1–0. Pointi pekee ya Yankees siku nzima ndiyo hiyo. Mwalimu gani angempa mwanafunzi kama huyo alama ya kushindwa?

Ralph Branca alibeba mzigo mzito zaidi. Tarehe 3 Oktoba, 1951, Bobby Thomson wa New York Giants alimpiga mpira uliowanyima Brooklyn Dodgers ubingwa wa ligi yao. Kwa miaka mingi baadaye wawili hao walikaa meza moja wakitia sahihi kwenye picha za tukio lile. Mwaka 2001 gazeti la Wall Street Journal lilieleza kwamba msimu ule Giants walikuwa wakitumia darubini kuiba ishara za wapinzani. Thomson alikana kwamba alipewa ishara kabla ya mpigo wake. Hata hivyo, tangu siku hiyo picha yenye sahihi mbili haikusomeka tena kama zamani, na aliyehukumiwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mmoja tu.

Kasoro ya pili ni bei. Eddie Gaedel alikuwa na kimo cha sentimita 109 hivi. Tarehe 19 Agosti, 1951, Bill Veeck, mwenye timu ya St. Louis Browns, alimwingiza uwanjani akiwa na jezi yenye namba 1/8, ili kuwachekesha watazamaji. Mtupaji wa Detroit, Bob Cain, alikosa shabaha mara nne, Gaedel akapewa kituo cha kwanza bure, akatolewa. Kesho yake rais wa ligi alimzuia asicheze tena. Mwaka 1961 alifariki akiwa na umri wa miaka 36, baada ya kupigwa huko Chicago. Kati ya watu wa besiboli, Cain peke yake ndiye aliyehudhuria mazishi. Leo sahihi yake ni adimu na ya bei kubwa. Waliokosa muda wa kumzika wamepata wafuasi wenye fedha za kumnunua. Penye fedha za aina hiyo wezi hawako mbali: katika miaka ya 1990 polisi wa FBI walifanya uchunguzi walioupa jina Operation Bullpen, wakafichua genge lililoghushi sahihi za wachezaji kwa wingi.

Je, desturi hii iachwe? Sioni hivyo. Yupo Archibald Graham, aliyecheza mchezo mmoja tu wa ligi kuu mwaka 1905 bila hata kupata zamu ya kupiga. Baadaye akawa daktari huko Chisholm, Minnesota, akawatibu watoto wa shule kwa miaka mingi na kuchunguza shinikizo lao la damu. Ukimtafuta kwa sababu ya ile siku moja, utakutana na maisha mazima yaliyo makubwa kuliko siku hiyo. Hivyo ndivyo kazi hii inavyopaswa kufanywa. Waswahili husema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mkusanyaji anayemwandikia mzee wa besiboli amuulize pia alifanya kazi gani baada ya kuacha mchezo na aliwalea watoto wangapi, na majibu hayo ayahifadhi pamoja na kadi.