Kitabu cha Snowden: angalieni ghala

Wandugu, nimemaliza kusoma "Mémoires vives" ya Edward Snowden, iliyotoka 2019. Wengi wanakisifu juu ya habari za kusikilizwa. Mimi naona nguvu yake iko kwenye habari za kuhifadhi.

Snowden anaeleza kazi yake Japani kwenye EPICSHELTER, mfumo wa kuweka kopi za data za NSA, shirika la ujasusi la Marekani. Mfumo unalinganisha kwanza: data ambayo kopi yake iko tayari haitumwi tena. Nafasi inabaki, data zinakaa miaka. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: ghala ikiwa ndogo, unachagua mbegu ya kubakiza, ikiwa kubwa, unaweka yote. Basi hakuna haja ya kukushuku leo. Siku wakikutafuta, wanarudi nyuma kwenye yale uliyopitisha zamani.

Upungufu wa kitabu: kinaegemea sana Katiba ya Marekani. Na sisi je? Mwaka 2014 The Intercept iliandika kwamba programu MYSTIC ya NSA ilikusanya data za simu za Kenya: nani kapigia nani, saa ngapi. Kule Bahamas, hata sauti zenyewe ziliwekwa hadi siku 30. Katiba ile haikumkinga Mkenya. Mtu wa Misisi pia haimkingi.

Kisomeni, ila na swali letu: data za simu zetu zinakaa wapi, muda gani, na nani ana ruhusa ya kurudi kuzifungua?