Jicho la Angani na Jicho la Mpima Macho



Wengi wetu tukiambiwa neno huuliza, "Nani aliyesema?" Lakini tukionyeshwa picha hunyamaza, tukadhani picha haisemi uwongo. Hali picha nayo ni ushahidi, na ushahidi una adabu zake. Natuzitazame filamu mbili za mambo ya kweli, tuzipime.

Ya kwanza ni Africa Addio, yaani "Buriani Afrika", waliyoitoa Waitalia wawili, Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, mwaka 1966. Ndani yake mna kipande kilichopigwa Unguja Januari 1964, siku chache baada ya mapinduzi. Kimepigwa kutoka angani. Watu wanaonekana wadogo mfano wa punje za mtama, na maiti wamelala chini. Picha hizo zina thamani, maana wako waliotaka mambo yale yasitajwe kabisa. Na kushuka kulikuwa hatari, hilo twalikubali. Lakini filamu ilitoka miaka miwili baadaye, na waliookoka walikuwako Mombasa na Dar es Salaam. Mbona hawakuulizwa? Maiti yule ni nani? Nani alimwosha, nani alimsalia? Filamu haina haja na hayo. Haja yake ni mtazamaji wa Ulaya atoke akisema kwamba Mwafrika akiachiwa nchi yake huchinjana. Basi maiti wetu wakafanywa mashahidi wa hoja isiyokuwa yao.

Ya pili ni The Look of Silence ya Joshua Oppenheimer, ya mwaka 2014. Yahusu Indonesia, ambako mwaka 1965 na 1966 waliuawa watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni au zaidi kwa tuhuma ya ukomunisti, na wauaji wakabaki wakiheshimiwa. Adi Rukun ni mpima macho. Nduguye Ramli aliuawa kabla yeye hajazaliwa. Adi huingia majumbani mwa wauaji, akawajaribishia miwani, na baina ya kioo na kioo huuliza. Wako wanaojisifu, wako wanaomtisha, na wako wamwambiao asitoneshe kidonda. Katika nyumba moja binti asikia kwa mara ya kwanza aliyoyafanya babake. Uso wambadilika, akamwomba Adi amsamehe mzee wake. Hapo hapana maiti hata mmoja, na moyo wa mtazamaji wapasuka.

Kosa sitalificha. Mwishoni, mjane na watoto wa muuaji aliyekwisha kufa waomba picha zisimamishwe, na mpiga picha akaendelea. Hata nyumba ya dhalimu ina mlango, na mlango hubishwa hodi.

Ndugu yangu, tofauti ya filamu hizi ni umbali. Ya kwanza yahesabu maiti kwa mbali; ya pili yamwita mmoja kwa jina lake. Nasi je? Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amepita 80. Kama nyumbani kwako yuko mzee wa namna hiyo, kaa naye baada ya alasiri, umwombe idhini, umsikilize. Asipotaka kusema, usimlazimishe. Akisema, yaandike na majina, kabla hayajazikwa pamoja naye. Kama si sisi, atakuja mwengine na jicho lake la angani.