Kisu na Sikio la Bibi Kizee: Uhalali wa Mtemi wa Kwanza katika Ngano ya Masala Kulangwa

Masimulizi mengi ya Kiafrika humtambulisha mwasisi wa dola kwa ushindi dhidi ya nyoka au zimwi. Miongoni mwa Wahausa, Bayajidda alimuua nyoka aliyekitawala kisima cha Kusugu mjini Daura, kisha akamwoa malkia. Katika Buganda, Kintu aliishika nchi baada ya kushindwa kwa Bemba, mtawala anayesimuliwa kuwa nyoka. Kwa Wasukuma, wakiwamo wa Busega ulipo mji wa Lamadi, kati ya Ziwa Victoria na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, nafasi hiyo inashikwa na Masala Kulangwa, kijana aliyemuua zimwi Shing'weng'we. Kufanana huko hurahisisha usomaji unaomwona kuwa shujaa mwingine tu aliyepewa kiti kwa nguvu za mkono wake. Uhakiki huu unapinga usomaji huo: ngano hii haihalalishi utemi kwa ushindi, bali kwa tiba.

Inasimuliwa kwamba Shing'weng'we aliwameza watu na mifugo wote, akasalia mama mjamzito aliyejificha katika rundo la makapi. Mama huyo alimzaa Masala Kulangwa, jina lenye maana ya mwerevu anayeelewa upesi. Kijana alipojua waliko watu wengine, alianza kumsaka zimwi. Aliua panzi, akaua ndege, kisha wanyama wakubwa zaidi. Kila mara alirudi akiimba kwamba amemuua Shing'weng'we, na kila mara mama yake alimsahihisha. Hatimaye alimuua zimwi mwenyewe, akampasua, na watu wakatoka wakiwa hai. Katika kupasua huko, kisu kilikata sikio la bibi kizee. Bibi alighadhibika, akamtukana na kujaribu kumroga. Kijana alilindwa na rafiki zake, akatafuta dawa, akamponya bibi. Hapo ndipo watu walipomtawaza, na mama yake akapewa heshima ya mama wa mtemi.

Vladimir Propp, katika uchambuzi wake wa ngano za Kirusi (1928), alibainisha majukumu 31 ya wahusika, la mwisho likiwa shujaa kuoa na kutawazwa. Kisa cha Bayajidda kinaafikiana na hitimisho hilo. Cha Masala Kulangwa kinalikiuka mara mbili.

Kwanza, kati ya ushindi na kutawazwa limewekwa jeraha. Kama lengo lingekuwa kusifu nguvu, ngano ingekomea kwenye tumbo la zimwi lililopasuliwa. Badala yake, kisu kilichookoa umma ndicho kilichomjeruhi mmoja wao. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa neno *ntemi* hunasibishwa na kitenzi *kutema*, yaani kukata. Mwenye mamlaka ya kukata anadaiwa kila anachokikata, hata kama hakukusudia.

Pili, hakuna harusi. Anayepanda hadhi pamoja na shujaa ni mama, wala si mke. Hitimisho hilo linapatana na mila ya zamani ya utemi wa Usukuma, ambapo urithi wa kiti ulifuata upande wa kike na mtoto wa dada wa mtemi aliweza kumrithi mjomba wake. Linapatana pia na muundo wa ngano yenyewe, kwani mama ndiye aliyemfunza shujaa kutofautisha panzi na zimwi.

Healey na Sybertz (1996) waliiingiza ngano hii katika teolojia simulizi ya Kiafrika, na katika usomaji huo Masala Kulangwa anafananishwa na Kristo. Ufananisho huo unaangaza wokovu wa waliomezwa, lakini unalifanya tukio la sikio kuwa gumu kufasiriwa, kwa sababu mkombozi asiye na dosari hamjeruhi anayemwokoa. Ngano inamhitaji mtawala anayeweza kukosea.

Inaweza kudaiwa kwamba simulizi hii si kisakale cha uasisi, kwa kuwa haitaji ukoo wala himaya mahususi kama Ntuzu au Nera, bali humfanya shujaa mtemi wa dunia nzima. Dai hilo ni sahihi kuhusu utanzu, ila haliathiri hoja. Isipotaja himaya yoyote, ngano inaeleza sharti la kila utemi.

Sharti hilo limedumu kuliko taasisi yenyewe, kwani mamlaka ya watemi yalifutwa kisheria mwaka 1963. Tangu miongo ya baadaye ya karne ya 20, Usukuma umeshuhudia mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu. Katika ngano, bibi kizee anajaribu kweli kuroga, na shujaa ana kisu na rafiki wa kumlinda. Hata hivyo hauawi wala hafukuzwi. Hasira yake inachukuliwa kuwa dai la haki linalostahili kulipwa. Usomaji unaomsifu Masala Kulangwa kwa kuua tu unaifuta sehemu hiyo, na pamoja nayo hoja ambayo fasihi simulizi ya Wasukuma inayo dhidi ya mauaji hayo.