Yaya, Kijakazi na Nukta Tatu: Majina ya Mtumishi wa Ng'ambo

Upande wa Bukavu wa daraja la Rusizi I, yaya ni ndugu mkubwa, wa kike au wa kiume. Upande wa Rusizi, iliyokuwa ikiitwa Cyangugu, Kinyarwanda kina umuyaya, yaani msichana wa kazi za nyumbani. Asili za maneno haya ni mbili, ila sikio hulisikia neno moja. Basi anayevuka asubuhi kutafuta kibarua cha kufua au kulea hutoka, kwa hatua chache, katika jina la ujira akaingia katika jina la udugu. Na udugu huo una gharama: mwajiri amwitaye mtumishi dada au mtoto wetu huweza kumcheleweshea mshahara bila haya, kwa kuwa ndugu hadai.

Riwaya ya Kiswahili imelichunguza jambo hili nusunusu. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Biti Kocho hukumbukwa kwa siri anazozibeba kuliko kwa kazi anazozifanya. Shafi Adam Shafi ni mkweli zaidi. Katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) mtumishi anaitwa Kijakazi, na jina hilo halijifichi nyuma ya udugu wowote. Limebeba historia ya utumwa wa Unguja. Ni rahisi kumlaumu Kijakazi kwa utii wake. Swali zito zaidi ni hili: nani alimpa jina hilo, na kwa nini hakuachiwa jingine?

Hata hivyo, wote wawili wanatumika kwao. Aliyepelekwa ng'ambo anapatikana kwa Ousmane Sembène, katika filamu La Noire de... (1966). Diouana anatoka Dakar akitarajia kulea watoto. Antibes anageuzwa mpishi na mfagiaji, na barua ya mamaye anajibiwa na bwana mwajiri kwa niaba yake. Ajabu ya filamu imo katika anwani: Mwanamke Mweusi wa... Kiunganishi kipo, mmiliki ameachiwa nukta tatu. Sarufi ya Kiswahili ingeihisi nafasi hiyo mara moja, maana -a unganifu hudai kitu mbele yake.

Ghuba imezijaza nukta hizo kwa neno kafala. Katika fikihi neno hili lina heshima, kwa kuwa hutaja dhamana, hata malezi ya yatima. Katika sheria ya kazi limemfunga mtumishi kwa mwajiri mmoja. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu inaeleza pasipoti zilizochukuliwa, mishahara iliyozuiwa na kazi zisizo na siku ya mapumziko. Hapa tena lugha ya malezi imetangulia, unyonyaji ukafuata.

Tofauti iliyobaki ni ya umbali. Mwenye kibarua Bukavu huweza kulivuka daraja jioni akalala kwao, isipokuwa mpaka ukifungwa, kama ilivyokuwa Machi 2020. Aliyeko Muscat hana daraja, na pasipoti yake imo kabatini mwa mdhamini.