"Katizo" au "Hodi"? Maoni juu ya Istilahi Moja ya Kompyuta

Miongoni mwa tafsiri zilizotufikia ni ya mwongozo wa kutunga viendeshi, yaani programu zinazouwezesha mfumo endeshi wa kompyuta kutumia kinanda, diski au kadi ya mtandao. Kwa jumla mfasiri amefanya kazi ya kusifiwa. Hata hivyo sura ya kutafuta kasoro imetutia mashaka, na chanzo chake ni neno moja: katizo.

Kifaa kinapohitaji kuhudumiwa hutuma ishara. Kichakataji huacha kazi yake, hutunza kumbukumbu ya mahali kilipoishia, hutekeleza sehemu ya kiendeshi iliyotengwa kwa shughuli hiyo, kisha hurejea. Mfasiri ameiita ishara katizo. Kule kuacha kazi, katizo. Na sehemu ile ya kiendeshi, katizo pia. Mwanafunzi akiambiwa kwamba katizo lina kasoro, aanze kukagua wapi?

Madhara yake si ya nadharia tu. Ziko ishara za kudumu, ambazo hubaki mpaka kifaa kiarifiwe kuwa kimehudumiwa. Kiendeshi kikisahau kukiarifu, kichakataji huitwa tena na tena hata kompyuta ikaganda. Ndiyo maana kiini cha Linux huhesabu: katika ishara 100,000 za njia moja, zisizoitikiwa zikizidi 99,900, njia hiyo hufungwa. Ziko pia ishara za mara moja: ikipotea, kifaa hungoja bure. Kasoro ya kwanza imo katika kuitikia, ya pili katika kupokea. Neno moja haliwezi kuzitenga.

Tunapendekeza ishara iitwe hodi, na sehemu ya kiendeshi inayoipokea iitwe itikio, maana kiitikio ni mali ya washairi. Katizo libaki kwa tendo lenyewe la kuacha kazi.

Watakaopinga watasema kuwa hodi huomba ruhusa. Ndivyo ilivyo: kichakataji huweza kuzizuia hodi kwa muda, zikangoja. Iko aina ya dharura isiyongoja karibu. Nayo iitwe hodi isiyozuilika. Wengine watasema kuwa neno hili ni la kibarazani mno. Sisi twaona kuwa hadhi ya istilahi ni kutenga dhana na dhana, wala si ugeni wake masikioni. Walimu na walijaribu madarasani, watuandikie, kabla mwongozo haujapigwa chapa.