Jina na Mwaka Ndani ya Mabano

Tusomapo makala ya kitaalamu ya Kiswahili, twakutana kila mara na jina la mtu na mwaka vilivyotiwa mabanoni. Desturi hii kwa kawaida huhusishwa na Edward Laurens Mark, mwalimu wa elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Harvard, aliyeitumia mwaka 1881 katika makala yake juu ya koa. Wahariri wa majarida ya tiba waliokutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, walichagua tarakimu badala ya majina. Njia zote mbili zafaa. Tunalolilaumu sisi ni mabano kutumiwa kama hirizi: mwandishi huivalisha sentensi yake, kisha akaamini kwamba haitadhurika.

Tuchukue sentensi ambayo mwanafunzi yeyote angeweza kuiandika: "Neno hili lilitumika Mombasa mwaka 1882 (Krapf 1882)." Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafariki Novemba 1881, kamusi yake ilitoka baada ya kifo chake. Basi mwaka uliomo mabanoni ni wa mtambo wa chapa, wala si wa kinywa cha msemaji. Na wenyeji waliompa maneno hayo, ambao ndio hasa chimbuko la habari, hawamo mabanoni kamwe. Mwanafunzi angeandika tu kwamba neno limo katika kamusi ya Krapf iliyochapwa 1882, asingekosea.

Lipo pia suala la kitenzi. Katika Kiswahili "anasema", "anadai" na "anathibitisha" si ndugu wa tumbo moja. Adaiye anatiliwa shaka. Athibitishaye amekwisha kukubaliwa na yule anayemnukuu. Lakini twaona makala ambamo kila mtaalamu "anadai", hata yule ambaye hoja nzima ya mwandishi imejengwa juu ya maneno yake! Msomaji afanyeje?

Baya zaidi ni marejeo yanayorundikwa mwishoni mwa aya ndefu, majina matatu manne kwa pamoja. Hapo hatujui fikira ya nani inaishia wapi, wala ya mwandishi mwenyewe inaanzia wapi. Walimu wenzetu wanaosahihisha tasnifu wasiridhike kuona mabano yamefungwa vizuri. Wamwulize mwanafunzi ukurasa, wamwulize pia kama kitabu chenyewe alikifungua au alikiona kimetajwa na mwingine. Na ikiwa habari aliipata kwa mzee wa kijijini, basi kwa ridhaa ya mzee huyo jina lake, mahali na mwaka wa mazungumzo viandikwe papo hapo, kama tumwandikiavyo profesa.